Zulia Chini ya Kitanda cha Mama

Jumatatu, 20 Januari

Nesi wa kliniki alinipa daftari hili niandike Kalo ananyonya saa ngapi, dakika ngapi, na titi lipi. Niliandika siku mbili. Siku ya tatu niligundua kwamba Kalo ananyonya saa zote, dakika zote, titi lolote lililo karibu, kwa hiyo hakuna la kuandika. Lakini kurasa ni nyingi na karatasi yenyewe ni nzuri. Nitaandika mengine.

Leo wameanza kuchuma zabibu. Baba katoka alfajiri na mkasi wake kiunoni kama askari. Ana miaka sitini na sita na bado ndiye nyapara wa wachumaji. Mama yuko banda la kufungashia. Sefita, mume wangu, anaendesha trekta. Mimi niko kwenye kibanda chetu cha vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wazazi, pamoja na Manase wa miaka mitatu, Kalo wa miezi mitano, na joto la nyuzi thelathini na tisa. Kila aliyetoka asubuhi aliniambia, wewe pumzika.

Jumatano, 22 Januari

Sijapumzika.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani mchungaji katangaza kwamba tarehe tano Aprili Semisi na Kalolaine, yaani Baba na Mama, wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, na thelathini na minne ya hiyo wameila hapa hapa Robinvale, ng'ambo ya bahari kutoka kwao Tonga. Sherehe itakuwa ukumbi wa kanisa, uchumaji ukiisha. Watu wakapiga makofi. Baba akainamisha kichwa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Baada ya chakula Mama naye katangaza lake. Anataka siku hiyo watembee juu ya ngatu yao ya harusi, kile kitambaa kirefu cha magome ya mti, kutoka mlangoni mpaka kwenye keki. Mimi ngatu hiyo sijawahi kuiona imekunjuliwa. Najua tu kwamba bibi yangu na wanawake wa kijiji chake kule Tonga walitwanga magome miezi mitatu kuitengeneza, wakaipaka rangi kwa mkono, na kwamba iko chini ya kitanda cha wazazi, imeviringishwa ndani ya blanketi la kijivu. Utotoni nilichapwa mara mbili kwa kurukaruka juu ya kitanda hicho.

Mama alisema ianikwe kwanza, kesho, vumbi likitulia. Baba akasema kesho kuna vumbi.

"Nilitoka Tonga na vitu viwili," Mama aliniambia tukiosha vyombo. "Ngatu ya mama yangu, na huyo baba yako. Kimoja kikipotea, na cha pili nakirudisha kilikotoka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 28 Januari

Mama alisema leo hakuna upepo, tuanike. Baba akatazama mbingu zilizokuwa safi kama sahani iliyooshwa, akasema kuna vumbi linakuja kutoka mji wa Mildura. Tumelisubiri mpaka jioni. Labda lilipitia kwa jamaa.

Jumamosi, 1 Februari

Baba kaja kibandani na kreti ya zabibu. Baba hajawahi kuniletea zabibu, husema aliyekulia shambani haletewi. Hakukaa. Alianza kutengeneza wavu wa mlango, ambao haukuwa umeharibika, mpaka ukaharibika.

"Sieli," akasema akiwa amenipa mgongo, "lile lililo chini ya kitanda si ngatu."

"Ni nini?"

"Ni zulia."

Kalo alikuwa ananyonya. Nadhani hata yeye aliacha kidogo.

Habari yenyewe ni hii. Baba alipofika hapa mwaka tisini na moja na shati moja, aliyempa kazi ni Mzee Carmelo, Mwitaliano mwenye shamba la kwanza ukivuka daraja. Alimpa kazi, akampa chumba, akamfundisha mzabibu unakatwaje wakati wa baridi. Na mwaka tisini na sita, Mama aliposhikwa na uchungu, ni Mzee Carmelo aliyempakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali. Hawakufika. Nilizaliwa njiani, na aliyenipokea ni yeye, akanifunga kwa shati lake. Hilo nalijua tangu utotoni, maana kila Krismasi alikuwa ananiuliza shati lake liko wapi.

Alipofariki mwaka elfu mbili na kumi, Mama alikuwa Auckland, anamuuguza Shangazi Meliame, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa amepasuliwa nyonga. Baba akabaki peke yake na msiba. Akaivuta ngatu chini ya kitanda, akaipeleka kwa mjane, na mahali pake akaingiza zulia kuukuu ndani ya blanketi lile lile.

"Ningekwenda na maua ya dukani?" aliniuliza. "Kwa mtu aliyekupokea wewe duniani?"

Nilitamani nimkasirikie nikakosa pa kuanzia. Kutoa si kosa. Kosa ni kwamba ngatu ni mali ya wanawake. Mwanamume atoe nguruwe, atoe viazi vikuu, atoe hata trekta akipenda, lakini ngatu hutolewa na mwanamke, kwa mkono wa mwanamke. Baba katoa mali ya mke wake iliyotoka kwa mama mkwe wake. Na kwenda kuiomba irudi, zawadi ya msibani, afadhali azikwe yeye.

Nikamwambia nampa mpaka siku ya mwisho ya kuchuma. Asiposema yeye, nitasema mimi. Akaitikia kama mtoto aliyeambiwa akaoge.

Halafu nikakumbuka kwamba ngatu ile ina urefu wa ukumbi mzima, na mtu mmoja haibebi. Nikamuuliza nani alishika upande wa pili. Akautazama ule mlango aliouharibu.

"Sefita," akasema.

Jumapili, 2 Februari

Sefita anasema alikuwa na miaka kumi na tisa, mzee alimwambia shika huku, naye akashika. Anasema hakuuliza kwa sababu mzee alikuwa analia. Sasa nimeelewa kwa nini Baba, aliyewafukuza wavulana watatu kwa fagio la uani, Sefita alimkubali kabla hajamaliza kuomba.

Jumamosi, 8 Februari

Nyuzi arobaini na nne. Mama kataka kuanika. Baba kasema jua hili litapasua rangi. Hapo, kusema kweli, alikuwa sahihi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda kwa Nonna Assunta (nonna ni bibi kwa Kiitaliano), mjane wa Mzee Carmelo, kumpelekea kadi ya mwaliko. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mama. Ya kweli ni kwamba nilitaka kujua kama ngatu ipo au imeshafunika mapipa ya mvinyo.

Ipo. Imekunjwa vizuri juu ya meza ndefu sebuleni, na juu yake kuna picha ya Mzee Carmelo, mshumaa, na bakuli la ndimu. Nonna ana miaka themanini na minne. Aliniona naitazama.

Aliniambia hajui ni kitu gani, hakuna aliyemweleza. Aliona tu wanaume wawili wameibeba begani kama jeneza, na mmoja analia. Akaona kitu kinacholiza mwanamume mzima kiwekwe pasipokanyagwa.

Nilikula biskuti nne ili mdomo wangu uwe na kazi. Kuondoka, akauliza alete nini siku ya sherehe, maana kasikia kanisani kwetu mvinyo hauingii. Nikamwambia aje yeye tu. Alinitazama kama nimemtukana.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Mvua wakati wa zabibu ni msiba: punje zinapasuka na ukungu unaingia. Mwenye shamba anatembea mistarini ameshika kichwa, wachumaji wamekaa barazani bila kazi. Wote wana nyuso ndefu isipokuwa mmoja.

Ijumaa, 21 Februari

Bado inanyesha. Baba anaimba tenzi akinyoa ndevu. Mama kamuuliza kulikoni. Kasema anamshukuru Mungu kwa kila hali.

Jumapili, 2 Machi

Shangazi Meliame kapiga simu kutoka Auckland. Anakuja, na atakaa karibu wiki nne.

Kwetu shughuli haina mkuu zaidi ya dada wa baba. Yeye hukaa mbele, na zawadi iliyo bora kuliko zote ni yake, bila kuuliza. Akisifia kitu chako, hicho si chako tena. Baba ana umri wa kuitwa babu, lakini mbele ya dada yake ni kama kijana aliyevunja dirisha: hafanyi utani akiwepo, haingii chumba anacholala, hagusi kitu chake hata leso. Ndivyo ndugu wanavyoheshimiana kwetu.

Mama yeye anampenda. Mimi nimeanza kuficha vyombo.

Jumamosi, 15 Machi

Kafika. Ana miaka sabini na moja na masanduku mawili, moja lina nguo na jingine halina kitu.

Kapewa chumba cha wazazi, ndiyo heshima yake, na wazazi wamehamia sebuleni. Baba alikuwa ameshabeba sanduku mpaka mlangoni ndipo akang'amua. Niliona rangi inavyomtoka. Baadaye aliniita nyuma ya tangi la maji akaniambia mpango wake ulikuwaje. Alikuwa aliondoe zulia kesho, watu wakienda kanisani, kisha aseme ngatu imeliwa na panya.

Nilimuuliza hao panya wamekula ngatu nzima na kuacha blanketi?

Akasema hajafika huko. Na sasa hawezi kuingia chumbani kwake mwenyewe. Akaniomba niingie mimi. Nikamwambia Baba, mimi nimezaa mara mbili, sina nguvu za kubeba zulia wala uongo.

Shangazi alipita kibandani jioni kumwona mtoto. Akasimama mbele ya feni yangu, upepo unampiga usoni, akafumba macho. "Feni nzuri," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Joto. Hatuna feni.

Jumanne, 18 Machi

"Kigari kizuri."

Jumatano, 19 Machi

Leo kasema Kalo ni mtoto mzuri. Nimemshika vizuri zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Siku safi, hakuna vumbi, hakuna mvua, jua la kiasi. Mama kajifunga kanga mbili kiunoni tayari kwa kazi. Baba alitazama juu, akatafuta wingu. Alifungua mdomo akaufunga, kama samaki wa mtoni. Kilichomwokoa ni mkoromo wa dada yake, maana Shangazi alikuwa amelala mchana na Mama asingethubutu kumwamsha. Alilala mpaka saa kumi na moja. Mama kasema basi, haina haja ya kuanika. Itakwenda ukumbini hivyo hivyo, ikunjuliwe huko huko mbele za watu.

Baba kaenda kunywa kava na wenzake. Sijui kama kinywaji kile cha mizizi kinasaidia mtu wa namna yake.

Jumamosi, 29 Machi

Shangazi kaniita nimsugue nyonga kwa mafuta ya nazi. Kwa wiki mbili nimekuwa nikimwita majina moyoni ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la kliniki. Leo nilikuwa na Kalo mgongoni na jasho mpaka machoni, nikasugua kama ninayepiga deki.

"Juzi pete yangu ilianguka chini ya kitanda," akasema, uso wake uko kwenye mto. "Nikainama kuitafuta. Ngatu ya bibi yako ina nyuzi za nailoni."

Mikono yangu ikasimama.

"Na inanuka viatu," akaongeza.

Nikamwambia yote. Sikupanga, lakini karibu miezi miwili limenikaa kooni, na mtu asiyelala hana kufuli mdomoni. Hakushangaa wala hakulaani. Kauliza kitu kimoja tu, ilikuwa mwaka gani na mwezi gani. Nikasema elfu mbili na kumi, Agosti.

Aligeuza uso upande wa ukutani. Agosti ile Mama alikuwa kwake. Mama ndiye aliyemwogesha wiki sita, akamvalisha soksi, akamfundisha tena kupanda ngazi.

"Sugua," akasema. "Chini kidogo."

Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya mwisho ya kuchuma. Kreti za mwisho zimeondoka saa sita. Baba aliniahidi kwamba leo anasema. Nimewaona kupitia dirisha wakiwa wawili jikoni, yeye anamenya viazi, Mama anafunga lu, nyama ya kopo na tui ndani ya spinachi kwa kuwa majani ya magimbi hapa hayapatikani kwa urahisi. Baba aliweka kisu chini. Akakohoa. Nikashika pazia.

Alitoka uani. Nikamuuliza umemwambia? Akasema ndiyo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia zabibu zimeisha."

Basi nikaingia mimi, maana niliahidi. Mama alikuwa ameshatoka jikoni, anapiga pasi gauni la zambarau, anaimba. Kaniambia nije nione: kiuno cha gauni kimeachiwa mara tatu tangu harusi, na kila alipokiachia aliandika tarehe ndani ya pindo kwa kalamu. Ya mwisho ni mwezi niliozaliwa mimi. "Hapo ndipo kitambaa kiliisha," kasema. "Tukaacha kuzaa."

Nilisimama pale nimebeba mtoto na ukweli. Nikaweza kumbeba mtoto tu. Sikusema. Nimekuwa Baba wa pili.

Jumapili, 6 Aprili

Leo ni siku ya mapumziko, wote wamelala baada ya kanisa, hata Kalo. Niandike kabla hajaamka.

Jana asubuhi Sefita na Baba waliitoa ile ngatu ya uongo chumbani. Shangazi mwenyewe aliisukuma mpaka nje ya kizingiti kwa mguu, Baba asiingie. Sefita aliiweka begani. Ni mara ya pili katika maisha yake anabeba kitu cha chini ya kitanda kile bila kuuliza. Wakailaza mlangoni mwa ukumbi, Mama akaifunga utepe mweupe.

Ukumbi ulijaa. Nguruwe watano, lu mlima, keki ya ghorofa tatu. Baba alijifunga kiunoni mkeka wake bora, kama desturi yetu, akiwa na uso wa mtu anayesubiri daktari. Shangazi alikaa mbele peke yake kama malkia, kigari cha Kalo kando yake kimejaa mikoba. Baada ya sala, Mzee Haloti, msemaji wa sherehe, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akatangaza kwamba sasa bwana na bibi harusi watatembea.

Mama akainama kufungua utepe. Nilimwona Baba anafumba macho. Nilifumba na mimi.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Nonna Assunta, kavaa nyeusi, binti yake Rosa nyuma, na kati yao kitoroli cha sokoni, na juu ya kitoroli mzigo uliofungwa kwa mikanda miwili ya suruali ya Mzee Carmelo. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo wote tukasikia:

"Nilikatazwa mvinyo. Nikafikiri, nilete hiki. Semisi alikileta Carmelo wangu alipokufa. Mimi nikifa, watoto wangu watakitupa. Nyinyi mnajua ni nini."

Rosa akafungua mikanda. Kipande cha mwanzo kikajikunjua chenyewe sakafuni, kahawia na nyeusi, na harufu ya mshumaa na ndimu ikatoka.

Mama hakukimbia. Alitembea polepole, akapiga magoti, akashika ukingo. Kwenye ukingo wa ngatu huandikwa namba, kuhesabu vipande. Alipitisha kidole: nne, tano, sita. Saba ilikuwa imeandikwa imegeuka, inatazama nyuma.

"Mama yangu hakuwahi kuandika saba ikakaa sawa," akasema. Kisha akamgeukia Baba.

Watu mia mbili na hakuna aliyetafuna.

"Nilimpa Carmelo," Baba alisema. Sikutegemea atakuwa na sauti, lakini alikuwa nayo. "Sikuwa na kitu kingine kinachomtosha."

"Ungeniuliza, ningempa mimi. Kwa mkono wangu."

"Ulikuwa Auckland."

"Auckland kuna simu, Semisi."

Mtu mmoja akaanza kucheka akajizuia kwa mkate. Mama akaonyesha lile lililolala mlangoni na utepe wake mweupe. "Na hii niliyolala juu yake miaka kumi na tano?"

"Zulia."

"La nani?"

Baba akatazama chini. "La ofisi ya mchungaji. La zamani."

Mchungaji akakohoa. "Nilijua limeibiwa," akasema.

Nonna alikuwa ameshika mkono wa Rosa, anauliza kafanya kosa gani. Mama akainuka, akamkumbatia, akamwambia hakuna kosa, yeye kaitunza ngatu kuliko mwenye nyumba. Lakini nilikuwa karibu, nikaona mkono wa pili wa Mama bado umeshika ukingo. Nikakumbuka vitu viwili vilivyotoka Tonga.

Hapo ndipo Mzee Haloti, ambaye kazi yake ni utaratibu na si mioyo ya watu, akapaza sauti. Zawadi ya kwanza imeingia, zawadi bora, na kwa desturi zawadi bora ina mwenyewe. Akaita, "Ngatu hii ni ya Meliame!"

Wanawake wawili wakaja. Wakaivuta. Mama akaiachia, maana hakuna asiyeachia. Ilikuwa imemrudia kwa dakika nne. Wakaiweka mbele ya Shangazi, naye akaitazama kama alivyoitazama feni yangu. Nikasema moyoni, sema basi ni nzuri, umalize.

"Ni yangu?" Shangazi akauliza.

Haloti akasema ni yake.

"Yangu kabisa? Hakuna anayepinga?"

Nani apinge. Baba alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa mkeka wa kiunoni.

"Basi sikilizeni," akasema, na alizungumza na kila mtu isipokuwa kaka yake, kama inavyotakiwa. "Kitu cha dada hakiguswi na kaka. Hakikunji, hakikunjui, halali juu yake. Na hakibebi kwenda msiba wa mtu, hata afe nani. Masanduku yangu yamejaa, ndege haitaki mzigo. Ngatu yangu itakaa hapa Robinvale. Mtunzaji wake ni wifi yangu Kalolaine. Siku nikiitaka nitasema."

Akamwinamia Mama. "Sitaitaka," akasema kwa sauti ya chini, kwa ajili yake peke yake. "Uliniogesha wiki sita."

Mama alifunika uso kwa mikono miwili. Alipoiondoa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na ameshaanza kupanga mambo. Alisema watatembea kama ilivyotangazwa. Yeye ni mtunzaji, mtunzaji anaruhusiwa kukanyaga. Huyu bwana haruhusiwi, ni kitu cha dada yake. Huyu bwana ana zulia lake.

Sefita akafungua blanketi. Zulia lilikuwa la kijani, na doa la chai katikati. Likakunjuliwa sambamba na ngatu, kutoka mlangoni, na likaisha hatua sita kabla ya keki. Wakatembea bega kwa bega, Mama juu ya ngatu ya mama yake, Baba juu ya zulia la wizi, wameshikana mikono juu ya ufa uliobaki katikati. Zulia lilipoisha Baba akasimama kama aliyefika mwisho wa gati, hajui la kufanya. Mama akasimama naye. Akamwacha asimame, tuseme muda wa kuimba ubeti mmoja, watu wanalia kwa kucheka, Nonna anapiga makofi. Halafu akamvuta.

"Njoo," akamwambia. "Miaka arobaini umetembea pasipokuwa na kitu, leo ndiyo unaogopa sakafu?"

Kalo kaamka.

Ijumaa, 11 Aprili

Shangazi kaondoka jana. Kaondoka na feni, kigari, na sufuria niliyodhani nimeificha. Asubuhi kabla ya kuondoka alinikuta nimesinzia nimesimama, naning'inia kwenye kamba ya nguo. Alisema mchana ninahitaji mtu wa kunishikia mtoto. Nikamwambia Mama anafanya kazi, na akirudi ana yake. Akasema ngatu haiwezi kukaa chini ya kitanda cha Mama, maana Baba analala hapo na hawezi kulala juu ya kitu cha dada yake. Ikae chini ya kitanda changu. Sikuona yanahusianaje.

Leo nimeona. Saa nane Mama kaja kibandani moja kwa moja kutoka kazini, kavua viatu, kasema amekuja kukagua mali ya wifi yake. Kainama, kainua blanketi, kagusa ule ukingo. Halafu kapanda kitandani kwangu, kitanda ambacho sasa kimeinuka kiganja kizima, kajilaza, kanyosha mikono nimpe Kalo. Kasema atakagua kila siku, saa nane mpaka saa kumi na moja, kwa sababu mtu akikabidhiwa kitu lazima akitunze.

Baba alikuja na vikombe viwili vya chai akaishia kwenye kizingiti. Haruhusiwi kusogea zaidi. Alisimama pale na mkono umenyooka mpaka nikaenda kuvipokea. Ule wavu aliouharibu bado unaning'inia.

Nilimuuliza Mama kwa sauti ya chini, sasa vipi, yule unamrudisha alikotoka?

"Ngatu si imerudi?" akasema, macho yamefumba, Kalo kifuani. "Basi na yeye amerudi. Hebu toka hapa, mwanangu, ukalale kwenye kochi. Manase yuko na babu yake, wanatengeneza mlango."

Nimeulizwa na nesi asubuhi kama ninaandika. Basi: Kalo kanyonya saa saba na nusu, titi la kushoto, dakika ishirini. Baada ya hapo sijui. Nilikuwa nimelala.